Dawa Ijulikanayo Isiyonywewa

Kinindo ni mtaa wa utulivu. Uko kusini mwa jiji la Bujumbura, kwenye tambarare inayoteremka polepole kuelekea Ziwa Tanganyika, na jioni upepo wa ziwani hupita katika nyua zake ukawapoza watu waliochoshwa na jua. Nyumba nyingi zina bomba ndani, zamu mlangoni, na yaya wa kuwatunza watoto wakati wazazi wako kazini. Mgeni apitaye huko angeweza kudhani kwamba ugonjwa wa kuhara ni jambo la mitaa mingine, lisiloweza kuvuka malango kama hayo.

Lakini tutazame nyumba moja tu. Baba ni askari, naye yuko mbali pamoja na kikosi chake. Mama yuko nyumbani na mtoto wa miezi 14. Tangu magharibi mtoto ameharisha mara sita, na ametapika mara mbili. Kabatini mna pakiti ya chumvi ya kurudisha maji mwilini, ile iitwayo O.R.S., au S.R.O. kwa desturi ya Kifaransa, ambayo mama aliipewa zamani katika kituo cha afya. Mama anaijua, na aliwahi kufundishwa namna ya kuikoroga. Hata hivyo haifungui. Anangoja kupambazuke ili mtoto apelekwe akapigwe sindano, au atundikiwe serumu ya mshipani, kwa sababu moyoni mwake anaamini kwamba hiyo ndiyo dawa hasa, na kwamba maji ya chumvi ni kitu cha kumliwaza mama tu. Alfajiri inamkuta mtoto macho yameingia ndani, mdomo umekauka, wala hana machozi anapolia.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini hakuna mwuguzi atakayeushangaa. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watoto zaidi ya 400,000 walio chini ya umri wa miaka 5 hufa kila mwaka duniani kwa kuhara. Wengi wao hawafi kwa kukosekana kwa elimu, maana elimu ipo tangu zaidi ya nusu karne. Hufa kwa sababu elimu hiyo haikufika kwenye kikombe kwa wakati.

ELIMU ILIKOTOKA

Kuhara humwua mtoto kwa kumkausha. Maji na chumvi za mwili hutoka upesi kuliko zinavyorudishwa, damu hupungukiwa, na moyo hushindwa kuisukuma. Zamani waganga waliamini kwamba utumbo wa mtu anayehara hauwezi kupokea chochote, kwa hiyo njia ya pekee ilikuwa kumtia maji mshipani.

Katika mwaka 1960 mtaalamu Robert Crane alieleza jinsi utumbo unavyopokea sukari: sukari haipiti peke yake, bali hupita pamoja na chumvi, na zikishapita hizo mbili, maji huzifuata. Askari wataelewa upesi tukisema kwamba sukari ni kama neno la siri la kupitia lindoni. Chumvi ikija peke yake hukwama mlangoni. Ikija na sukari, hufunguliwa. Na jambo la ajabu ni kwamba mlango huo hubaki ukifanya kazi hata pale kipindupindu kinapouvuruga utumbo.

Mwaka 1968 waganga David Nalin na Richard Cash walionyesha mjini Dhaka, katika nchi iitwayo leo Bangladesh, kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kutibiwa kwa kunyweshwa mchanganyiko wa maji, sukari na chumvi, na kwamba kwa njia hiyo haja ya maji ya mshipani hupungua sana. Miaka mitatu baadaye ukaja mtihani wa kweli. Vita vya mwaka 1971 viliwasukuma mamilioni ya watu kuingia India, na katika kambi ya Bangaon kipindupindu kikazuka. Maji ya mshipani yalipokuwa yanakwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko huo, uliotolewa kwenye mapipa, na wanyweshaji walikuwa mama, baba na ndugu zao. Vifo, ambavyo awali vilikuwa kama 30 katika kila wagonjwa 100, vilishuka hadi chini ya 4.

Hapo msomaji angetazamia kwamba habari imekwisha. Dawa imepatikana, ni rahisi, haihitaji sindano wala hospitali kubwa. Kumbe safari ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

GOMA, 1994

Hatuhitaji kwenda Asia ili kuona matokeo ya elimu isiyotekelezwa. Twende Goma, kwa jirani zetu wa Kongo. Katika mwezi wa Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia katika mji huo kwa siku chache. Walipiga kambi juu ya mawe ya volkano, mahali pasipochimbika choo kwa urahisi, na wengi wao walichota maji ya Ziwa Kivu wakayanywa jinsi yalivyo. Kipindupindu kikafuata, na nyuma yake kuhara damu. Watu wapatao 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza.

Yaliyotokea hayakuwa kwa kukosa wema. Mashirika mengi yalifika, na wauguzi walikesha. Lakini wataalamu waliotoka Bangladesh kuja kusaidia walichunguza kwa nini watu waliendelea kufa hata ndani ya vituo vya matibabu, na taarifa yao ilichapishwa mwaka 1995 katika jarida la waganga liitwalo Lancet. Walitaja mambo ambayo yanatufaa sote: wagonjwa walirudishiwa maji polepole mno, maji ya kunywa hayakutumiwa vya kutosha, maji ya mshipani yaliyotumiwa mengine hayakuwa ya aina ifaayo, na watumishi wengi hawakuwa wamezoea kumtibu mgonjwa wa kipindupindu kikali.

Tangu majaribio ya Dhaka hadi msiba wa Goma ilikuwa imepita miaka 26. Ukweli ulikuwamo vitabuni, lakini haukuwa umeingia mikononi. Askari anaijua tofauti hiyo kuliko mtu yeyote. Amri iliyoandikwa haiilindi ngome; ngome hulindwa na mtu aliyeirudia amri hiyo kwa vitendo, siku baada ya siku, hata mikono yake ikawa inaitekeleza gizani bila kutafuta.

WALIOKWENDA NYUMBA KWA NYUMBA

Sasa tuwatazame wale waliofaulu kuitia elimu mikononi, maana hao ndio wa kuigwa. Nchini Bangladesh lipo shirika la BRAC, lililoanzishwa mwaka 1972 na Fazle Hasan Abed. Tangu 1980 hadi 1990 shirika hilo lilituma wanawake vijijini kwenda nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kukoroga dawa hiyo kwa vitu vya jikoni: chumvi ya kufinywa kwa vidole vitatu, konzi ya sukari guru, na maji ya kipimo. Zilifikiwa nyumba zaidi ya milioni 12.

Walimu hao hawakulipwa kwa idadi ya nyumba walizopita. Baadaye wakaguzi walirudi katika baadhi ya nyumba na kumwuliza mama alichokumbuka, wakamtazama akikoroga. Na ujira wa mwalimu ulifuata kiasi cha elimu kilichobaki kwa mwanafunzi wake. Kwa njia hiyo hakuna aliyeridhika na kusema tu kwamba amekwisha fundisha.

Hata hivyo walipochunguza zaidi waliona jambo la kusikitisha. Akina mama walikumbuka vizuri, lakini watoto walipougua, ni wachache mno walioitumia dawa. Kwa nini? Sababu mbili zilionekana. Ya kwanza, baadhi ya walimu wenyewe hawakuiamini; wao wakiugua walikimbilia vidonge, na mama akaisoma shaka hiyo usoni mwao. Ya pili, wanaume walikuwa wameachwa nje ya mafundisho. Mama alijua, lakini baba mwenye fedha na kauli alipouliza, "Mbona mtoto anapewa maji matupu?", elimu ya mama ikanyamaza.

Basi utaratibu ukarekebishwa. Walimu walielezwa na kuonyeshwa jinsi dawa inavyofanya kazi mwilini, hata wakaiamini. Wanaume nao wakafundishwa, sokoni na misikitini. Hapo ndipo dawa ilipoanza kunywewa.

MWUGUZI ANGOJAYE KUOMBWA

Iwapo mama hupungukiwa na imani, je, mtumishi wa afya aliyesoma? Utafiti uliochapishwa Februari 2024 katika jarida la Science umelijibu swali hilo kwa namna itakayowashangaza wengi. Ulifanywa katika majimbo mawili ya India, Karnataka na Bihar, kwa watoa tiba zaidi ya 2,000. Watafiti waliwatuma watu wakajifanya walezi wa mtoto mdogo anayehara, ili waone wataandikiwa nini.

Wengi wa watoa tiba hao waliijua dawa, lakini hawakuitoa. Watafiti wakapima sababu. Kukosekana kwa dawa rafuni kulieleza sehemu 6 tu katika 100 za upungufu huo. Tamaa ya faida ilieleza sehemu 5. Lakini sehemu 42 katika 100 zilitokana na jambo moja: mtoa tiba alidhani kwamba mgonjwa haitaki dawa hiyo. Alidhani mlezi akipewa pakiti ya chumvi ataondoka amekasirika, akimwona mganga huyo hana maarifa. Naye mlezi aliyesema wazi kwamba anaitaka, aliipata mara nyingi zaidi kuliko yule aliyenyamaza.

Tazama basi msiba huu ulivyo. Mama anaidharau dawa kwa sababu mwuguzi hakumpa; mwuguzi haitoi kwa sababu anadhani mama anaidharau. Kila mmoja amngoja mwenzake, na mtoto yupo katikati, anakauka.

KWETU, KANDO YA ZIWA

Burundi ina sababu zake za kulitia maanani jambo hili. Kipindupindu kiliingia nchini mwaka 1978, na tangu hapo kimekuwa kikirudi hasa kwenye tambarare za kando ya ziwa na Mto Rusizi. Uchunguzi uliofanywa huko Rumonge katika mlipuko wa mwaka 1992 ulionyesha kwamba walioogelea ziwani na walionywa maji yake ndio waliopatikana zaidi na ugonjwa. Na vijidudu vilionekana katika maji ya ziwa, wala havikuonekana katika maji ya bomba. Mnamo tarehe 1 Januari 2023 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko mwingine, safari hii katika jiji la Bujumbura lenyewe.

Kinindo nayo imo katika tambarare hiyo hiyo. Bomba likikauka siku mbili, hata nyumba yenye lango zuri huanza kutafuta madumu, wala si kila mtu huuliza dumu lilijazwa wapi. Yaya, zamu na mtoto hunywa kikombe kimoja na wenye nyumba. Ugonjwa haujui cheo wala kodi ya nyumba.

Yapo pia ya kututia moyo. Tangu Mei 2006 serikali iliagiza kwamba matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 na huduma za uzazi zitolewe bila malipo katika vituo vya umma. Kizuizi kikubwa cha fedha kilipoondolewa, kilichobaki ni kile kisichoondolewa kwa amri: mazoea.

Katika kituo cha afya mazoea hujengwa kwa vitu vidogo. Meza moja iwekwe mahali wanapokaa wangojao, juu yake jagi la maji safi, vikombe, vijiko na pakiti, ili mama aanze kumnywesha mtoto pale pale, chini ya macho ya mwuguzi, bila kungoja zamu yake ifike. Kipimo kibandikwe ukutani: mtoto aliyepungukiwa na maji kwa kiasi, ambaye bado anaweza kunywa, hupewa mililita 75 kwa kila kilo ya uzito wake katika muda wa saa 4, kisha hukaguliwa tena. Na mkuu wa kituo asiulize tu, "Mna pakiti ngapi?", bali aulize, "Watoto wangapi walioletwa kwa kuhara wameondoka wakiwa wamekunywa?"

MAMBO YA KUKUMBUKA NYUMBANI

Yafuatayo ni vema yakatwe na kubandikwa ukutani jikoni, mahali yaya naye atayaona. Na kama hajui kusoma, asomewe hadi aweze kuyarudia mwenyewe.

Kwanza, kukoroga. Nawa mikono kwa sabuni. Soma kwenye pakiti kiasi cha maji kinachotakiwa. Pakiti nyingi ni za lita moja kamili. Tahadhari na chupa za bia, ambazo wengi wetu huzifanya kipimo: chupa ya Primus ni sentilita 72, si lita, na dawa ikorogwayo humo itakuwa na chumvi kupita kiasi. Tumia chupa ya maji iliyoandikwa lita moja. Maji yawe yamechemshwa na kupoa. Usiongeze sukari, wala maziwa, wala soda. Yakipita saa 24, mwaga yaliyobaki, ukoroge mengine.

Pili, ukikosa pakiti. Chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Usikadirie kwa macho, kwa maana chumvi ikizidi hudhuru. Mchanganyiko huu ni wa kushikilia tu mpaka pakiti ipatikane.

Tatu, kunywesha. Baada ya kila choo cha majimaji, mtoto aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, na mwenye miaka 2 hadi 10 apewe mililita 100 hadi 200. Mkubwa anywe kadiri awezavyo. Mpe mtoto kidogo kidogo, kwa kijiko au kikombe. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Mama asiache kunyonyesha, wala mtoto asinyimwe chakula.

Nne, zinki. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipendekeza, pamoja na O.R.S. mpya yenye chumvi na sukari pungufu, mtoto apewe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, na 10 kwa aliye chini ya miezi 6. Maliza siku zote hata kama kuhara kumekoma. Dawa za kufunga tumbo asipewe mtoto, na dawa za kuua vijidudu zisitolewe bila ushauri wa mganga.

Tano, dalili za hatari. Mtoto asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea au kupoteza fahamu, mwenye degedege, mwenye macho yaliyoingia ndani, ambaye ngozi ya tumbo lake ikifinywa hurudi polepole, au mwenye damu katika choo, apelekwe kituoni mara moja. Na yeyote, mkubwa au mdogo, anayeharisha maji meupe kama maji ya mchele, asingoje hata saa moja, kwa kuwa kipindupindu huweza kuua kabla ya jua kutua. Huyo huenda akahitaji kweli maji ya mshipani. Lakini njiani anyweshwe bila kukoma.

KAULI YA BABA, SAUTI YA MAMA

Mwisho, tuseme na baba aliye lindoni, mpakani au safarini. Simu ikija usiku kwamba mtoto anahara, usiulize kwanza kama amepigwa sindano. Uliza kama amekunywa, mara ngapi, na kama anakojoa. Kauli yako hiyo inaweza kumpa mama nguvu ya kuifungua pakiti saa nne za usiku badala ya kungoja asubuhi. Nawe ndugu polisi, umfikishapo jirani kituoni, chukua na chupa ya dawa mkononi.

Mama naye, afikapo mbele ya mwuguzi, asinyamaze. Aseme kwa adabu na kwa sauti: "Nimekuja kutafuta O.R.S. na zinki kwa ajili ya mtoto wangu. Naomba unionyeshe namna ya kumpa." Maneno hayo machache yatamwondolea mwuguzi shaka, na huenda yakambadilikia mama mwingine anayengoja nyuma yake.

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Kwa mtoto anayehara, haba hiyo ni kijiko, na kibaba ni uhai wake. Leo jioni, kabla ya kulala, fungua kabati lako utazame kama pakiti imo.